Nyundo Laini kwa Nati Ngumu

Siku moja tulikuwa tumesimama katika gereji kuukuu, tukimngoja mwenzetu, tukashuhudia jambo lililotuzindua. Kijana mwanagenzi alikuwa akijaribu kuondoa gurudumu la gari la Kiingereza la zamani, gari dogo la viti viwili, ambalo magurudumu yake yalikuwa ya spoki kama ya baiskeli. Katikati ya gurudumu palikuwa na nati moja tu, pana kama kisahani, yenye masikio mawili yaliyochomoza. Kijana akainua nyundo ya chuma. Kabla hajashusha pigo, fundi mzee akamzuia.

"Mwanangu, hiyo siyo nyundo yake."

"Lakini mzee, nati ni ngumu, na nyundo hii ni ngumu."

"Ndiyo maana. Iweke chini. Lete ile ya shaba."

Kijana akaleta nyundo fupi, nene, yenye kichwa chekundu kilichojaa makovu. Mzee akapiga mara tatu, polepole na kwa uzito, na nati ikalegea. Tulipoyatazama masikio yake hatukuona hata alama moja ya pigo.

Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba dawa ya moto ni moto. Mbele ya nati ile methali hiyo haikufaa, kwani dawa ya kitu kigumu ilikuwa kitu laini kuliko chenyewe. Tulirudi nyumbani tukijiuliza: Je, ni nani aliyebuni nati ya namna hii? Kwa nini ifunguliwe kwa kugongwa, wala si kwa spana kama nati nyingine zote? Na kwa nini nyundo yake iwe ya shaba? Aghalabu historia tunayoifundisha madarasani ni ya wafalme, vita na mikataba. Leo tunawaomba walimu wenzetu na wanafunzi wao waturuhusu tusimulie historia ya nati moja na nyundo yake, kwani ndani yake mna mashindano, kuna sheria, na kuna roho za watu.

1. Taabu ya kubadili tairi

Yafaa kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 20. Gari la siku zile lilikuwa na magurudumu ya mbao yaliyofungwa moja kwa moja katika ekseli, nayo hayakukusudiwa kuondolewa njiani. Tairi likipasuka, na yalipasuka mara kwa mara kwa sababu barabara zilijaa mawe na misumari ya kwato za farasi, dereva alipaswa kupiga magoti vumbini, kulichomoa tairi kwa vyuma huku gurudumu likiwa bado limo garini, kutia viraka mpira wa ndani, kurudisha kila kitu, kisha kujaza upepo kwa mkono.

Watu walitafuta njia za kupunguza taabu hiyo. Mnamo 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, ilianza kutengenezwa rimu ya akiba iliyokuwa na tairi lililokwisha kujazwa upepo. Dereva aliibana ubavuni mwa gurudumu lililoharibika akaendelea na safari. Rimu hiyo iliitwa Stepney, kwa jina la mtaa wa mji ule. Walimu wa lugha watapendezwa kusikia kwamba kifaa chenyewe kilitoweka zamani, lakini jina limebaki: huko Bara Hindi na katika kisiwa cha Malta watu huliita gurudumu la akiba kwa jina hilo hadi leo.

Mashindano ya magari ndiyo yaliyoonyesha waziwazi thamani ya dakika chache. Mwezi Juni 1906 yalifanyika karibu na mji wa Le Mans, Ufaransa, mashindano ya kwanza yaliyoitwa Grand Prix. Yalichukua siku mbili, mizunguko kumi na miwili ya kilometa zaidi ya mia moja kila mmoja, katika joto kali lililoyaharibu matairi vibaya. Kanuni zilisema kwamba hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa gari isipokuwa dereva na msaidizi aliyepanda naye. Wengi walilazimika kulikata tairi bovu kwa kisu na kuhangaika kulivisha jipya kwa muda wa robo saa hivi. Lakini baadhi ya magari, likiwamo Renault la Ferenc Szisz, Mhungaria, yalikuwa na rimu za Michelin zilizoondoleka pamoja na tairi lake. Kwa kufungua nati kadhaa na kuzikaza tena, kazi ya robo saa ilimalizika katika muda usiofikia dakika nne. Szisz alishinda, naye aliyemfuata aliachwa kwa zaidi ya nusu saa.

2. Gurudumu latoka kwa baiskeli

Hatua iliyofuata ilitoka kwa watu wa baiskeli. Kampuni ya Rudge-Whitworth ya mji wa Coventry, Uingereza, ilikuwa imejipatia sifa kwa baiskeli zake, kwa hiyo ilijua vizuri namna ya kusuka gurudumu la spoki. John Pugh wa kampuni hiyo aliona kwamba hapana haja ya kuondoa rimu peke yake ikiwa gurudumu zima linaweza kutoka kwa nati moja iliyo katikati. Gurudumu hilo lilijitokeza mnamo 1907 na 1908.

Haikukosa kupingwa. Katika Grand Prix ya Ufaransa ya 1908, iliyofanyika Dieppe, magurudumu ya namna hiyo yalikatazwa, na Waingereza waliotaka kushindana kwa magari ya Napier yenye magurudumu ya Rudge-Whitworth wakajitoa. Lakini marufuku hayazuii wazo jema kwa muda mrefu. Baada ya miaka michache magurudumu ya spoki yenye nati moja yalienea katika magari ya michezo ya Ulaya. Mnamo 1922 Carlo Borrani wa Milano alipata idhini ya kuyatengeneza nchini Italia, na baadaye magurudumu ya Borrani yakavaliwa na Alfa Romeo, Maserati na Ferrari. Huko Uingereza kampuni ya Dunlop iliyatengeneza kwa ajili ya Jaguar, MG, Austin-Healey na Triumph.

Tueleze muundo wake kwa ufupi. Mwisho wa ekseli pana kitovu chenye meno marefu kwa nje, kama bua lililochongwa mifuo. Kitovu cha gurudumu nacho kina meno kama hayo kwa ndani, hata gurudumu likisukumwa huingia kama mkono katika mkono wa kanzu. Meno hayo ndiyo yanayobeba nguvu ya injini na ya breki. Nati haibebi nguvu hiyo. Kazi yake ni kulisukuma gurudumu likae barabara juu ya sehemu zilizochongwa mithili ya koni, na kulizuia lisitoke. Masikio ya nati yalitiwa ili fundi au dereva asihitaji spana kubwa: apige sikio, nati izunguke, gurudumu litoke.

3. Siri ya hesi

Hapa ndipo penye jambo ambalo lingeweza kumpoteza mtu roho. Nati ya upande wa kushoto wa gari na nati ya upande wa kulia hazifanani. Hesi zake, yaani ile mikato izungukayo ndani ya nati, zimekatwa kwa kupingana. Upande wa kushoto wa gari nati hufunguka kama nati za kawaida. Upande wa kulia hufunguka kinyume. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliandika juu ya nati neno la kufungua pamoja na mshale, na pia upande wa gari inakostahili kukaa.

Sababu ni ipi? Gurudumu na kitovu chake, hata vikibanwa namna gani, havikuchomelewa pamoja. Kati yake pana nafasi finyu isiyoonekana kwa macho. Uzito wa gari hukibana kitovu upande mmoja wa nafasi hiyo, na gurudumu linapozunguka, mahali pa kubanana huzunguka pia. Mfano wake ni pete pana iliyovikwa kidole chembamba: ukiizungusha, pete haizunguki sawasawa na kidole, bali hutambaa kidogo kila mara. Nati nayo hutambaa, kidogo sana, kilometa baada ya kilometa. Hesi zikiwa za upande unaostahili, kutambaa huko huikaza. Hesi zikibadilishwa pande, kutambaa kule kule huilegeza, na siku moja gurudumu hulitangulia gari barabarani.

Kwa hiyo, katika mtindo wa Rudge, kanuni ni rahisi kukumbuka. Simama ubavuni mwa gari, utazame sikio lililo juu. Ukitaka kufungua, lipige kuelekea mbele ya gari. Ukitaka kukaza, lipige kuelekea nyuma. Kanuni hiyo ni moja kwa pande zote mbili. Asiyeijua anaweza kupiga kwa nguvu zake zote akidhani anafungua kumbe anakaza, na ndipo huilaumu nyundo.

4. Uchaguzi wa nyundo

Sasa tuje kwenye nyundo, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Nati zenye masikio zilitengenezwa kwa chuma au kwa mchanganyiko wa shaba, kisha nyingi zikapakwa kromu ing'aayo. Mtu anayezipiga anataka mambo mawili yanayoshindana: nguvu ya kutosha kuizungusha nati, na upole wa kutosha ili asiijeruhi. Tuzipitie nyundo moja moja.

Nyundo ya chuma ndiyo iliyo karibu na mkono wa kila mtu, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Chuma kigumu kikikutana na kitu kigumu, mgongano hudumu kitambo kifupi mno, na nguvu yote hukusanyika mahali padogo. Kromu hupasuka, sikio hubonyea, na kwa mapigo mengi hata hukunjika. Tena kipande cha chuma chaweza kuruka na kuingia jichoni. Gari nyingi za zamani hubeba makovu ya siku moja tu ya haraka.

Nyundo ya mpira yaonekana kuwa suluhisho, maana haiachi alama. Lakini mpira hurudi. Nguvu aliyoitoa mpigaji hurejea mkononi mwake, na nati haisogei. Mpigaji akichoka huongeza kasi, pigo hukosa shabaha, likaangukia spoki au madigadi.

Nyundo ya risasi ina sifa ya uzito na ulaini. Haidundi, ikigonga hutulia na kusukuma. Mafundi wa magari ya mashindano waliipenda sana. Ubaya wake ni miwili: hupotea umbo upesi hata kuhitaji kuyeyushwa na kumiminwa upya, na madini yenyewe ni sumu. Anayeitumia hana budi kunawa mikono kabla ya kula, wala asiyeyushe risasi mahali pasipopita hewa.

Nyundo ya shaba nyekundu imekaa katikati. Ni nzito kwa kadiri ya ukubwa wake, ni laini kuliko chuma, na bado ni ngumu kuliko risasi. Inapogonga sikio, ni yenyewe inayobonyea, na kule kubonyea hurefusha mgongano hata pigo likawa msukumo. Kampuni ya Thor ya mji wa Birmingham, iliyoanzishwa 1923, ilijulikana kwa nyundo zenye nyuso mbili: uso mmoja wa shaba, na wa pili wa ngozi mbichi iliyosokotwa na kubanwa sana. Uso wa shaba hutumika kuilegeza nati iliyokaza. Uso wa ngozi hutumika penye kromu nzuri ambayo mwenyewe hataki iguswe na madini yoyote. Waliokuwa na Jaguar au MG za miaka ya 1950 walizoea kukuta nyundo ndani ya sanduku la vifaa vya gari.

Shaba ina tabia moja inayopaswa kujulikana. Kila inapogongwa huzidi kuwa ngumu. Nyundo ya shaba iliyotumika miaka mingi yaweza kuwa ngumu kiasi cha kuanza kuiumiza nati. Dawa yake ni moto: uso wa shaba ukivuliwa katika mpini na kuchomwa hadi uwe mwekundu, ulaini wake hurudi. Basi methali yetu ya moto haikuwa mbali na nyundo hii, ila imehamia mahali pengine! Elimu hii si ngeni katika nchi zetu. Wafua shaba wa Katanga walioivuta shaba ikawa nyaya nyembamba za bangili katika enzi ya Msiri wa Bunkeya, karne ya 19, walijua kwamba waya ukishavutwa hukakamaa na hukatika, mpaka urudishwe motoni. Walijua kwa mikono yao jambo ambalo sisi twalisoma vitabuni.

Kuna pia nyundo ya kisasa yenye kichwa kitupu ndani, kilichojazwa chembe za chuma au mchanga na kufunikwa kwa plastiki. Kichwa kinapogonga, chembe zile hufuata nyuma yake kwa kuchelewa kidogo na kuzuia nyundo isidunde. Kwa mtu asiye na mazoea, hii yaweza kuwa salama kuliko zote. Mwisho kuna njia ya kuliacha sikio lisiguswe kabisa: kipande cha ubao mgumu hukatwa tundu lenye umbo la nati, huvikwa juu ya masikio yote kwa pamoja, na nyundo hupiga ubao. Ubao huo hufaa zaidi pale ambapo bodi ya gari imelifunika gurudumu la nyuma na kuufinya mwendo wa mkono.

Kuhusu uzito, wageni wengi hukosea kwa kuchagua nyundo nyepesi na kupiga kwa kasi. Nyundo ya kilo mbili hivi, ikiangushwa kwa utulivu na kwa shabaha, hufanya kazi kuliko nyundo ndogo iliyorushwa kwa hasira. Hayo ndiyo tuliyoyaona kwa mzee wetu: mapigo matatu tu.

5. Nati iliyobingirika

Ili msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya gereji peke yake, tumkumbushe siku ya tarehe 4 Agosti 1957, huko Nürburgring, Ujerumani. Juan Manuel Fangio wa Argentina, mwenye umri wa miaka 46, aliendesha Maserati yenye magurudumu ya spoki ya nati moja. Alikuwa ameazimia kuanza na mafuta nusu tangi ili gari liwe jepesi, kisha asimame katikati ya mashindano kuongeza mafuta na kubadili matairi ya nyuma. Washindani wake wa Ferrari, Mike Hawthorn na Peter Collins, walikusudia kwenda bila kusimama.

Fangio alisimama baada ya mzunguko wa 12 kati ya 22, akiwa mbele kwa sekunde karibu 30. Mafundi wakazipiga nati kwa nyundo. Yasimuliwa kwamba katika haraka ile nati moja ilianguka ikabingirika chini ya gari, nao wakapoteza muda mwingi wakiitafuta. Aliporudi barabarani alikuwa nyuma ya Hawthorn na Collins kwa zaidi ya sekunde 45. Hapo ndipo alipoendesha kwa namna ambayo wapenzi wa mashindano bado wanaihadithia: alivunja rekodi ya mzunguko tena na tena, akawapita wote wawili katika mzunguko wa 21, akashinda kwa sekunde chache tu. Siku hiyo alijipatia ubingwa wa dunia kwa mara ya tano, na hakushinda tena mashindano mengine ya ubingwa huo.

Waswahili husema haraka haraka haina baraka. Nati ile ingeweza kumnyima Fangio ubingwa wa siku ile. Haikufanya hivyo kwa sababu dereva alikuwa na ustadi wa kulipia deni la mafundi wake. Katika barabara za kawaida, dereva hana nafasi ya kulipia deni la namna hiyo.

6. Masikio yakatwa kwa sheria

Kitu kilichokuwa pambo na msaada kilionekana kuwa hatari miji ilipojaa magari na waenda kwa miguu. Sikio la nati lililochomoza nje ya gurudumu linalozunguka laweza kunasa nguo ya mpita njia, au kumkata mpanda baiskeli mguuni. Nchini Marekani kanuni ya usalama wa magari ya namba 211, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1968, ilikataza mabawa na masikio ya namna hiyo katika nati na vifuniko vya magurudumu ya magari mapya. Ujerumani Magharibi nayo haikuyataka. Watengenezaji wa Uingereza, ambao waliuza magari mengi Marekani, hawakuwa na la kufanya ila kutii. Masikio yakakatwa, na mahali pake ikaja nati ya pembe nane.

Hata hivyo nyundo haikustaafu. Nati ya pembe nane ilihitaji spana yake maalumu, na mkia wa spana hiyo ulipigwa kwa nyundo ile ile. Kanuni ya Marekani iliondolewa mnamo 1996, lakini kufikia wakati huo karibu magari yote mapya ya kawaida yalikuwa yamerudi kwenye nati nne au tano. Wazo la nati moja limeendelea kuishi katika mashindano. Magari ya Formula One hufungwa magurudumu yake kwa nati moja katikati, ila nyundo imeachia nafasi bunduki ya upepo: huko Qatar mnamo 2023 mafundi wa McLaren walibadili magurudumu yote manne kwa sekunde 1.80.

Magari ya zamani yenye masikio bado yapo mikononi mwa watu wanaoyatunza, na hatari zake bado ni zile zile. Kwa ajili yao tuyakusanye mambo ambayo mafundi wazoefu huyasisitiza. Meno ya kitovu na koni zake zisafishwe na kupakwa grisi kabla ya gurudumu kurudishwa. Gurudumu liinuliwe kwa jeki lisiguse ardhi wakati wa kukaza, ili likae sawasawa katika koni. Likikazwa huku limebeba uzito wa gari huweza kukaa upande. Nati ikaguliwe tena baada ya mwendo mfupi. Vumbi jekundu kama kutu likionekana kuzunguka kitovu, au mlio wa kugonga ukisikika gari linapofunga breki au kurudi nyuma, ni ishara kwamba meno yanasagana. Meno yakishaisha, ekseli huzunguka peke yake na breki haina kitu cha kushika. Hapo hapana nyundo iwezayo kusaidia.

7. Maneno yaliyomo mkononi mwa fundi

Kabla ya kufunga makala haya, tuseme neno kuhusu lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Tulipojaribu kuandika habari hizi kwa Kiswahili tuligundua kwamba lugha yetu haikuwa maskini kama wengine wadhanivyo. Kitovu cha mtu kimetupa kitovu cha gurudumu. Neno hesi limo katika kamusi, ingawa vijana wengi hulisahau. Nati hii tumeiita nati yenye masikio, tukaepuka kusema nati ya mabawa, kwa sababu mafundi hulitumia jina hilo kwa nati ndogo inayozungushwa kwa vidole.

Tulikutana pia na mitego. Shaba kwa Kiswahili ni jina la madini zaidi ya moja. Asemaye shaba bila kuongeza nyekundu au ya njano hajamweleza mwanagenzi alete nyundo ipi. Risasi ni madini na ni kitu kitokacho katika bunduki, hata mwanafunzi aambiwaye "nyundo ya risasi" aweza kushtuka. Na kitenzi fua kina upana wa ajabu: tunafua chuma, tunafua nguo, tunafua nazi, na chombo ambacho mhunzi hufulia juu yake ni fuawe. Katika vitendo hivyo vyote mna pigo au nguvu ya mikono yenye kusudi la kutengeneza. Tofauti kati ya kugonga, kupiga, kugota na kufua ingetosha kwa somo zima darasani, na fundi angeweza kuifundisha vizuri kuliko sisi.

Kwa hiyo tunatoa ombi kwa walimu wenzetu. Mtume wanafunzi wenu kwenye gereji na kwa wahunzi wa mitaa yenu, wakiwa na daftari, wakaandike majina ya vifaa na sababu ya kila kifaa kuwa kama kilivyo. Wasiandike tu kwamba hii ni nyundo ya shaba. Waulize kwa nini ni ya shaba, na wayaandike maneno ya fundi kama alivyoyasema. Wazee wenye elimu hii wanapungua, na wengi wao hawakupata kuandika hata mstari mmoja.

Sisi wenyewe tulichelewa. Tuliporudi katika gereji ile kumwuliza mzee wetu nyundo yake aliitoa wapi, tulimkuta yule kijana peke yake. Mzee alikuwa amekwenda kwao kupumzika, wala hakuacha anwani. Nyundo ilikuwa bado imetundikwa ukutani. Kijana akatwambia kwamba ameshaichoma motoni mara moja, kama alivyofundishwa, na kwamba sasa wateja wakija na magurudumu ya spoki, ni yeye anayewaambia waweke chini nyundo za chuma.